Usichoke au Usitoke?

Mhariri wa jarida letu aliponiambia, "Andika kitu cha sayansi, lakini kisichoshe watu," nilicheka peke yangu, kwa sababu neno hilo la kuchoka ndilo lililotaka kuvunja nyumba yetu mwaka jana. Basi wanachama wenzangu, na walimu wetu wapenzi, naomba mnivumilie. Nitaanza na filamu, nipite kwenye muziki, niingie kidogo kwenye fizikia, kisha niwarudishe nyumbani kwetu Mkomani. Mkiona nazunguka msidhani nimepotea. Njia za Amu ndivyo zilivyo.

Bibi yangu, mzaa mama, hajui Kihindi hata neno moja. Lakini filamu za Kihindi ziulize kwake. Alianza kuzitazama miaka ya themanini, video zilipoingia hapa kwetu. Si kila nyumba ilikuwa na mashine. Jirani mmoja alikuwa nayo, na wanawake wakikusanyika kwake alasiri, wameshapika na kuosha vyombo, buibui zimetundikwa, watoto mapajani, kanda inawekwa na mlango unafungwa. Jambo hili si la kubuni. Msomi mmoja wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Minou Fuglesang, alikuja kukaa Lamu wakati huo, na mwaka 1994 akatoa kitabu kizima kuhusu wasichana wa hapa, mitindo yao na video zao za Kihindi. Nilipomwambia bibi kwamba kuna kitabu kama hicho aliguna tu. "Alituandika sisi? Basi na atuletee nakala."

Mimi nilipokuwa mdogo video zilikuwa zimekwisha, zimekuja diski. Nilikaa naye mkekani tukitazama zile za zamani anazozipenda. Iliyo juu ya zote ni Mother India ya mwaka 1957, iliyotengenezwa na Mehboob Khan, ambamo Nargis ni Radha, mama anayeachwa na mumewe aliyekatika mikono, akalima kwa jasho lake, akawalea watoto, na mwisho akampiga risasi mwanawe mwenyewe Birju ili alinde heshima ya kijiji. Nikimwuliza, "Bibi, amesema nini?" alinijibu papo hapo bila kusita. "Amwambia, mwanangu, vumilia, mayi yatashuka." Au, "Amwambia, hebu mtu huyu asiingie ndani." Nami niliamini kila neno.

Miaka ilipita. Siku moja nikaiona filamu hiyo ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini. Kumbe! Nusu ya yale maneno bibi aliyabuni mwenyewe. Hakuna maji yoyote yaliyosemwa kushuka. Lakini jambo lililonishangaza ni kwamba kisa chenyewe hakukikosea hata mahali pamoja. Alijua nani anampenda nani, nani amekosewa, nani anaficha. Yule mkopeshaji Sukhilala bibi alimtambua alipotokea tu, hata kabla hajafungua kinywa. Nikamwuliza, ulijuaje yote haya na lugha huijui? Akasema, "Mimi sikuwa nikisikiza maneno. Nilikuwa nikiwatazama mato."

Shikeni hilo neno, tutalirudia.

Upande wa muziki ndipo mambo hunoga zaidi. Filamu ya kwanza ya Kihindi iliyotoa sauti ni Alam Ara, iliyoonyeshwa Bombay tarehe 14 Machi 1931. Tangu siku hizo filamu zao zimejaa nyimbo, na baadaye ikawa desturi kwamba anayeonekana siye anayeimba. Nargis anafungua mdomo, lakini sauti ni ya mtu mwingine aliyesimama studioni, mara nyingi Lata Mangeshkar, aliyefariki mwaka 2022. Uso wa huyu, koo la yule, na sisi tunaona mtu mmoja. Nyimbo hizo zilivuka bahari zikaingia taarabu yetu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki 2014, alipata sifa pwani nzima kwa kutia mashairi ya Kiswahili kwenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Wapo waliomlaumu kwamba anaazima. Wengine wakasema bora udi wa Zein l'Abdin, huyo mzaliwa wa hapa hapa Lamu, ndio wenye harufu ya kwetu. Mimi sikati hukumu, maana nyumbani bibi huimba zote mbili akichambua mchele, na mchele huiva.

Sasa tuje kwenye tatizo.

Lilianza lini hatujui. Sauti ya televisheni ilipanda kidogo kidogo mpaka majirani wakawa wanajua tunatazama nini. Kisha bibi akaanza kulalamika kwamba watu wa siku hizi wananong'ona. Ukimwambia, "Bibi, mjomba amefika," yeye anauliza, "Amepika? Amepika nini?" Tulicheka sana siku hiyo, na yeye akacheka. Lakini mzaha ukizidi hutumbuka usaha. Mama alianza kuchoka. Alikuwa akisema jambo mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu kwa ukelele, na bibi akimjibu, "Mbona wanipigia kelele? Mimi si kiziwi." Na kweli hakuonekana kiziwi. Punda akilia sokoni alisikia. Ngoma ikipigwa Langoni usiku alisikia kabla yetu sisi. Bakuli likianguka jikoni aliruka. Ndipo mama akatoa kauli ambayo nadhani imesemwa katika nyumba nyingi zaidi ya yetu: "Huyu anasikia akitaka."

Mahali fulani tulikompeleka tuliambiwa ni uzee tu, hauna dawa, mrudisheni nyumbani. Tukamrudisha.

Mwaka jana dada yangu alikuwa anaolewa. Mama mdogo, anayekaa Mombasa, akampigia bibi simu wiki tatu kabla ya arusi. Mimi nilikuwa karibu na nilisikia kila neno, maana simu ya bibi iko juu kama redio. Mama mdogo alisema, "Mama, wewe usichoke, arusi tutaishughulikia sisi." Ni maneno ya mapenzi. Bibi akanyamaza. Akaikata simu, akaiweka kwenye kidaka, akainuka akaingia ndani. Alipotoka alisema neno moja tu: "Sitoki."

Tukadhani ni maradhi. La. Siku ya pili alirudisha leso aliyonunuliwa kwa ajili ya arusi. Alisema, "Arusi ni yenu. Mimi mkongwe, nimeambiwa nisitoke, basi nitakaa ndani na paka." Mama akampigia simu ndugu yake akamgombeza: umemwambia nini mama? Yule naye akaapa kwamba hakusema baya lolote. Kila mmoja akamshuku mwenzake. Siku kumi na moja bibi hakutaka kuongea na mwanawe kwenye simu, na kila tulipojaribu kumweleza kwa sauti kubwa ndivyo alivyozidi kukasirika.

Niliyeitegua kamba hii si mimi bali ni kitabu cha fizikia. Tulikuwa kwenye somo la mawimbi. Mnakumbuka kwamba sauti ni mitetemo ya hewa, na idadi ya mitetemo kwa sekunde huhesabiwa kwa hezi. Sikio la kijana mzima husikia kuanzia kama hezi 20 hadi hezi 20,000. Sasa, maneno tunayosema hayakai mahali pamoja kwenye ngazi hiyo. Irabu zetu, a, e, i, o, u, nguvu yake kubwa iko chini, mara nyingi chini ya hezi 1,000, na zina kishindo. Konsonanti kama s, f, sh, ch na t ni upepo tu unaopita menoni na midomoni. Sauti ya s nguvu yake iko hezi 4,000 na kupanda. Tena ni nyembamba na dhaifu. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "fffff", kisha useme "aaaa". Utajua ipi ni pumzi na ipi ni sauti.

Ndani ya sikio mna kijumba kilichojikunja mfano wa konokono, kiitwacho koklea. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama elfu kumi na tano hivi kila sikio, na kila sehemu ina kazi yake: zilizo karibu na mlango hupokea sauti za juu, zilizo ndani kabisa kwenye ncha hupokea sauti za chini. Zile za mlangoni ndizo zinazoanza kufa mtu anapozeeka. Na zikifa haziroti tena. Hilo halikumpata bibi yangu peke yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni moja na nusu wana upungufu wa kusikia wa namna moja au nyingine.

Hebu fikirini maana yake. Chukueni maneno haya: paka, taka, kaka, saka, shaka. Ondoeni konsonanti ya mwanzo. Yote yanabaki "-aka". Mtu aliyepotewa na sauti za juu hupata irabu zote na kishindo chote, anajua kabisa kwamba umesema, anajua ni wewe, anajua kama umefurahi au umeudhika, ila hajui umesema nini. Ndiyo maana alisema tunanong'ona. Ndiyo maana ngoma aliisikia, maana ngoma ni sauti ya chini, tena sauti za chini hupinda kwenye pembe za nyumba na kufika mbali kuliko za juu. Hata wewe usiku husikia mshindo wa ngoma kabla hujasikia mwimbaji. "Anasikia akitaka" haikuwa kweli. Alikuwa akisikia kinachofika.

Na kupiga ukelele je? Ukipiga ukelele unazikuza irabu, ambazo tayari anazisikia. Ile s haikui kiasi hicho. Unaongeza kishindo, huongezi neno. Tena mtu anayepiga kelele uso wake hukunjamana, na bibi yangu ni mtu aliyesoma nyuso za Wahindi miaka arobaini. Aliposhindwa kupata maneno ya mama alisoma uso wa mama, na uso ulimwambia, "Nimekuchoka."

Kuhusu simu ndipo niliposimama darasani nikataka kulia. Kwa miaka mingi simu za kawaida zimepitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, kwa sababu hizo zinatosha kwa mtu mwenye masikio mazima. Sauti ya juu ya s na ch inakatwa njiani kabla hata haijafika kwa bibi. Na kwenye simu hakuna uso. "Usichoke" na "usitoke" ziko mbali kama Pate na Mombasa kwa maana, lakini kwa irabu ni neno moja.

Lakini mbona alisikia "usitoke" kwa yakini, hata akaapa? Hapa pana jambo ambalo mimi naliona ni la ajabu kuliko yote. Mwaka 1970 mtaalamu Richard Warren wa Marekani alichukua sentensi iliyorekodiwa, akakata sauti moja ya s kutoka katikati ya neno, akaweka kikohozi mahali pake. Waliosikiliza walisema neno wamelisikia zima, na hawakuweza kuonyesha hasa kikohozi kilikuwa wapi. Ubongo ulikuwa umeijaza ile s wenyewe. Miaka sita baadaye, mwaka 1976, Harry McGurk na John MacDonald walionyesha jambo jingine: ukimwekea mtu sauti ya "ba" na kumwonyesha uso unaosema "ga", wengi husikia "da", yaani sauti ambayo haikusemwa na yeyote. Jicho limeingia kwenye kazi ya sikio. Si ajabu basi kwamba sote tuliamini Nargis anaimba. Filamu yenyewe ni udanganyifu wa namna hiyo: picha 24 zilizosimama kila sekunde, na sisi tunaona mtu anatembea.

Kwa hiyo hatusikii kwa sikio peke yake. Sikio huleta vipande, na sisi tunajaza. Swali ni tunajaza kwa nini. Bibi alikuwa amekaa miaka miwili au mitatu akiona mazungumzo yanampita, watu wanacheka yeye hajui kichekesho, akiuliza anaambiwa "si kitu, bibi". (Mimi pia nilimwambia hivyo. Zaidi ya mara moja.) Basi ilipofika sentensi yenye pengo, alilijaza kwa lile aliloliogopa, kwamba hatumtaki tena mbele za watu. Mama mdogo hakusema "usitoke". Lakini sisi wengine, kwa ile "si kitu, bibi", nadhani tulikuwa tukilisema kila siku.

Nilirudi nyumbani nikafanya jaribio. Niliandika maneno kwenye karatasi, kama paka, taka, fika, pika, sita, pita, nikasimama nyuma ya bibi nikayasoma kwa sauti ya kawaida. Mengi aliyakosa, tena aliyakosa kwa mpango: irabu sahihi, konsonanti mbovu. Kisha nikakaa mbele yake, dirisha likiwa mbele yangu ili mwanga uniangukie usoni, nikasoma tena taratibu. Mengi aliyapata. F na p zinaonekana midomoni, moja meno yanashika mdomo, nyingine midomo inafungana. S na t zilimshinda zaidi kwa kuwa ziko ndani. Nikazima na redio. Akapata mengine.

Jambo la nyumba zenyewe nitalipitia mbio. Nyumba zetu za mawe ni nzuri, lakini vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake ukifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta ni ngumu za matumbawe na chokaa. Sauti hupiga ukuta ikarudi, neno la pili likakuta la kwanza halijamaliza kuzunguka. Sisi tunavumilia. Mwenye masikio ya bibi anazama. Kwenye mkeka, mazulia na mapazia sauti hunywewa, na uwani ni bora kuliko ndani.

Mama nilimweleza jikoni, huku akikuna nazi. Hakusema kitu. Mbuzi ilisimama, kisha ikaendelea. Usiku huo nilimwona ameketi mkekani mbele ya bibi, uso kwa uso, anamhadithia habari za bei ya samaki, taratibu, bila ukelele. Habari yenyewe haikuwa na maana yoyote. Walikaa mpaka saa nne.

Mama mdogo aliwasili siku tatu kabla ya arusi, kwa basi mpaka Mokowe kisha kwa mashua. Bibi alimpa mkono na shikamoo akaipokea, lakini baridi. Nilikuwa nimempangia mama mdogo mahali pa kukaa kama mtu wa filamu: hapa, mgongo ukutani, mlango mbele yako, taa ikuangaze wewe unayesema na si yeye anayesikia. Buibui ishushe, mdomo usifunikwe. Sema kama unavyosema na watu.

Akasema, "Mama, siku ile kwenye simu nilikwambia usichoke."

Bibi akamtazama mdomo. "Usi nini?"

"Usichoke. Kuchoka. Usihangaike na kazi."

Bibi alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, "Basi mbona kwenye simu ulinambia nisitoke?" Mama mdogo akaanza kulia, na bibi akamwambia, "Nyamaza, watu watasema nimekupiga," akaagiza ile leso iletwe.

Usiku wa vugo alikaa mbele na pembe yake na kijiti. Nyimbo zile hakuhitaji kuzisikia maneno, kwa kuwa maneno anayo kichwani tangu alipokuwa kijana, na mshindo ulikuwa ukimfikia barabara. Alipokosea ni pale tu walipobadilisha wimbo bila kumtazama.

Baadaye alipimwa Mombasa, na nikakiona kipimo chake kwenye karatasi: mstari unaanza juu upande wa sauti za chini, halafu unashuka kama ngazi za gatini. Amepewa kifaa cha kutia sikioni. Anakitumia akienda kwa watu, ila nyumbani hukivua, anasema kinamletea sahani na punda kabla ya kumletea wanawe. Tunamwambia avumilie, azoee polepole.

Akitazama filamu ndiyo hataki kabisa kukivaa. Ijumaa iliyopita tuliweka Mother India kwa mara ya sijui ya ngapi. Radha alikuwa amesimama kwenye matope, anasema na wanawe. Bibi akanigusa goti.

"Amesema nini?"

Maandishi ya chini yalikuwa madogo, na yalikuwa yameshapita. Nilimgeukia ili anione mdomo nikamtafsiria. Nusu niliyabuni.